Kuomba leseni ya kituo cha utangazaji bila karatasi zako kugombana zenyewe

Kabla hujanunua transmita, subiri. Najua kuna mtu sa hivi kashapigiwa simu kwamba kuna transmita ya wati 1000 inauzwa bei ya kutupa, imetumika kidogo tu, mwenyewe anafunga kituo, na moyo unamwenda mbio anaona bahati imemjia. Usinunue. Leseni ndo itakayosema uwe na wati ngapi, masafa yapi, antena ikae urefu gani na iangalie upande gani, kwa hiyo ukitanguliza mashine ni sawa na kumnunulia viatu mtoto ambaye hajazaliwa, na tena nchi nyingi kuingiza mashine ya kurushia matangazo au hata kukaa nayo tu stoo kunataka kibali chake, achilia mbali kuiwasha.

Mimi nimeshawaandalia watu mafaili haya, mengine yakapita mengine yakarudi, na nikiyafikiria yale yaliyorudi hakuna hata moja lililorudi kwa sababu wazo la kituo lilikuwa baya. Yalirudi kwa sababu karatasi zilikuwa zinapingana. Fundi kaandika hivi, mhasibu kaandika vile, mwenye kituo kaahidi jambo la tatu kabisa, na yule anayepitia faili kwenye mamlaka ya mawasiliano kazi yake ndo hiyo, anaweka karatasi mbili pembeni kwa pembeni anauliza mbona hazifanani. Nitaenda hatua kwa hatua ila hilo nitalirudia, nivumilie.

HATUA YA 1: Jua unaomba leseni ya nini

Watu wanasema "leseni ya redio" kana kwamba ni karatasi moja. Mara nyingi ni mbili au tatu. Kuna ya maudhui, yaani ruhusa ya kutangaza. Kuna ya masafa, yaani ruhusa ya kutumia kipande fulani cha hewa. Na kuna ya miundombinu, ya anayejenga na kuendesha mitambo ya kurushia. Kwa redio ya FM kwa kawaida unajikuta unahitaji ya maudhui na ya masafa kwa pamoja, maana mashine ni yako na unayeirusha ni wewe.

TV ni habari nyingine. Nchi za Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati zilikubaliana Geneva mwaka 2006 kuhama kutoka analojia kwenda dijitali, na tarehe 17 Juni 2015 ikawekwa kuwa mwisho wa analojia kulindwa isiingiliwe kwenye bendi ya UHF, lile kundi la masafa linalobeba chaneli nyingi za TV. Siku hizi chaneli moja ya hewani inabeba vituo vingi kwa mpigo na anayeirusha ni kampuni ya kusambaza mawimbi, siyo wewe. Kwa hiyo mwenye TV ya hewani sehemu nyingi haombi masafa kabisa, anaomba leseni ya maudhui halafu anaambatisha barua ya msambazaji inayosema nafasi ipo na tumekubaliana. Nimewahi kuona maombi ya TV ya dijitali yana kurasa nzima za mnara na antena, mtu kalipa mhandisi, kazi bure.

Ukishajua hapo, chagua kundi: ya biashara, ya jamii, au ya umma ambayo kwa kawaida siyo ya mtu binafsi. Wengi wanakimbilia ya jamii kwa sababu ada yake huwa ndogo, halafu ukifungua orodha ya wamiliki unakuta baba, mama na mtoto wa kwanza. Hiyo siyo jamii, hiyo ni familia. Mamlaka inataka ione jamii yenyewe: bodi iliyochaguliwa na watu, kumbukumbu za mikutano, katiba inayosema faida haigawanywi. Na masharti yake yanabana, kwa mfano Marekani redio ndogo za FM za mashirika yasiyo ya kibiashara mwisho wao ni wati 100, na kampuni ya kutafuta faida hairuhusiwi hata kuomba.

Kuna leseni moja watu hawaiulizii, ile ya muda mfupi. Uingereza wanatoa ya hadi siku 28 kwa ajili ya tukio, tamasha, mashindano, kitu kama hicho. Kama nchi yako ina mfano wake, itumie. Wiki nne hewani zitakufundisha kuhusu kituo chako kuliko mwaka mzima wa vikao, na ukija kuomba leseni kubwa una rekodi ya kuonyesha kwamba ulishapewa masafa ukayatumia ukayarudisha bila kesi.

Redio ya intaneti tupu haina masafa ya kugombania, nchi nyingine zinataka usajili na nyingine hazina habari nayo. Uliza kwa barua, upate jibu la maandishi, basi.

HATUA YA 2: Angalia kama dirisha limefunguliwa

Hewa haiongezeki. Ndo maana mamlaka nyingi hazipokei maombi ya FM siku yoyote unayojisikia, zinatoa tangazo la mwaliko, zinataja maeneo na masafa yaliyopo na dedilaini. Marekani kwa hizo redio ndogo ni hivyo hivyo, dirisha linafunguliwa siku chache halafu linafungwa, na mtu anaweza akasubiri miaka. Ukipeleka nje ya dirisha linarudi bila kusomwa, na kuna sehemu ada ya maombi hairudi hata faili lisiposomwa.

Kwa hiyo kabla ya yote tafuta vitu hivi kutoka kwa mamlaka yenyewe, siyo kwa rafiki aliyeomba miaka sita iliyopita: fomu ya sasa, mwongozo wa mwombaji, kanuni za maudhui, jedwali la ada, na rasimu ya leseni yenyewe kama ipo. Hiyo ya mwisho isome ya kwanza. Rasimu ya leseni inakwambia utakachofungwa nacho ukipata, saa ngapi za vipindi vya ndani, muda wa kuanza kurusha, nani anaruhusiwa kununua hisa, na kuna watu wakiisoma wanaacha kuomba kabisa, jambo ambalo ni bora kuliko kuja kuacha baadaye.

Kwenye ada kuwa makini, zipo kama tatu na watu wanaziona moja. Ada ya maombi, hiyo hairudishwi upate usipate. Ada ya leseni ya mwaka, ambayo nchi nyingine inakuwa asilimia ya mapato. Na ada ya masafa, ambayo mara nyingi inategemea wati na eneo. Studio ikiwa mbali na mnara na ukatumia mawimbi kupeleka sauti kule, kile kiungo nacho kinahitaji masafa yake na ada yake. Hiki kiungo ndo kitu kinachosahaulika kuliko vyote.

HATUA YA 3: Panga nani anaomba

Sajili kampuni au shirika kabla ya dirisha, siyo ndani ya dirisha. Hakikisha malengo ya kampuni kwenye katiba yake yametaja utangazaji, maana kampuni ya usafirishaji inayoomba redio itaulizwa. Vyeti vya kodi viwe hai siku ya kuwasilisha na siku ya kupitiwa pia.

Halafu wamiliki. Mamlaka haitaki kujua jina la kampuni linalomiliki kampuni yako, inataka kujua binadamu aliye mwisho wa ule mnyororo ni nani na anashika kiasi gani. Sheria nyingi zinaweka kikomo kwa wageni, Marekani kwa mfano mgeni haruhusiwi kushika moja kwa moja zaidi ya asilimia 20 ya mwenye leseni ya utangazaji. Nchi nyingine zinazuia vyama vya siasa, Uingereza ni mojawapo, nyingine zinabana anayemiliki gazeti na TV eneo hilohilo. Ukimficha mtu nyuma ya binamu yake ukaja kujulikana, huponi kwa kulipa faini tu, leseni inaweza kwenda na ukahesabika mtu asiyefaa hata ukiomba tena na jina jipya.

Wasifu wa wakurugenzi na meneja uwe mfupi na wa kweli. Weka mtu mmoja aliyewahi kukaa kwenye chumba cha habari na mmoja aliyewahi kushika mitambo. Bila hao wawili faili linaonekana la wafanyabiashara waliochoka na biashara yao ya zamani.

HATUA YA 4: Masafa, mnara na hesabu za fundi

Hapa kaa, usikimbie. Ni sehemu ambayo mwenye kituo humwachia fundi anasema "hayo ya kwako", halafu ndo sehemu inayoamua nani atakusikia.

Bendi ya FM sehemu kubwa ya dunia inaanza megahezi 87.5 na kuishia 108. Ukiisikia ni megahezi ishirini na nusu unaona ni pana, kumbe vituo viwili vya mji mmoja haviwezi kubanana, kwa kawaida huachwa angalau megahezi 0.4 katikati na nchi nyingine huacha zaidi ya hapo. Ongeza miji ya jirani na milima inayorusha mbali, nafasi inaisha haraka. Ukiwa karibu na mpaka mamlaka yako itabidi iwaulize majirani, maana kuna mipango ya kimataifa, ule wa Geneva wa 1984 ndo unaogawa masafa ya FM kwa Afrika na Ulaya, na hapo muda unarefuka na huna wa kumlaumu.

Kuna mtego mwingine juu ya bendi. Kuanzia megahezi 108 kwenda juu ni ndege, mitambo inayomwongoza rubani kutua iko palepale juu ya pua ya FM. Mashine mbili za FM zikikaa mnara mmoja bila vichujio vizuri zinazaa mawimbi ya tatu ambayo hakuna aliyeyaomba. Chukua kituo cha 102.0 na kingine cha 94.0, zidisha 102 mara mbili utoe 94, unapata 110.0, na hapo umeingia kwenye anga la ndege. Kwa hiyo kama unataka kukodi nafasi kwenye mnara wa mtu mwingine, hii hesabu ifanywe kwa kila jozi ya vituo vilivyopo pale na iwekwe kwenye faili hata kama hawajaiomba. Mhandisi wa mamlaka akiiona anajua anaongea na watu wazima.

Sasa wati. Fomu itakuuliza nguvu ya transmita na pia nguvu inayotoka kwenye antena, na hivi ni vitu viwili. Tuseme transmita ni wati 500. Waya wa kupanda juu unakula desibeli 1 (desibeli ni kipimo cha nguvu kupungua au kuongezeka), hiyo ni kama asilimia 20, unabaki na 400. Antena inaongeza desibeli 3, yaani mara mbili, unatoka hewani na wati 800. Hizo 800 ndo leseni inazozihesabu. Mtu akiandika 500 sehemu zote mbili anaonekana hajui, na akiandika 500 na 2000 bila kuonyesha hesabu anaonekana anadanganya.

Wengi wanadhani wati ndo kila kitu, ila FM inasafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kikomo chake ni upeo wa macho na ziada kidogo. Kadiria hivi: kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita. Antena ya mita 36 inaona kama kilomita 25. Ya mita 144 inaona kama kilomita 49. Angalia hapo, urefu umezidi mara nne umbali umezidi mara mbili, wakati ukiongeza wati maradufu unaongeza desibeli 3 tu ambazo msikilizaji wa kando kabisa ataziona kidogo mno. Kilima kizuri chenye wati chache kinaishinda transmita kubwa iliyokaa bondeni, na umeme wake ni nafuu kila mwezi mpaka leseni iishe.

Ramani ya usikivu usiichore kwa bikari kama duara. Tumia programu inayosoma milima, na sema umetumia kiwango gani cha nguvu ya mawimbi. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, wanapendekeza kwa sterio desibeli 54 vijijini, 66 mjini na 74 kwenye miji mikubwa, zikipimwa juu ya maikrovolti moja kwa mita. Ukichora mji mkubwa kwa kiwango cha kijijini unapata ramani nzuri sana ambayo watu wa katikati ya magorofa hawatakusikia ndani yake.

Na sasa kosa langu mwenyewe ili usilirudie. Eneo la mnara linaandikwa kwa latitudo na longitudo, na kuna namna mbili za kuandika, ya nyuzi na dakika na sekunde, na ya desimali. Mimi nilipewa nyuzi kadhaa na dakika 30, nikaandika kwenye fomu ya desimali nukta 30. Dakika 30 ni nusu ya nyuzi, yaani nukta 50. Ile tofauti ya nukta 20 ni kama kilomita 22. Mnara wetu ukatua katikati ya maji. Barua iliyorudi ilikuwa ya heshima sana, inauliza kama tuna kibali cha kujenga ziwani. Tulipoteza wiki saba. Na ukiwa kusini mwa ikweta usisahau alama ya kutoa, la sivyo mnara unahamia nusu nyingine ya dunia. Siku hizi kila faili langu naliwekea picha ya satelaiti yenye msumari juu ya mnara na nasimama pale na simu kuhakikisha.

Vingine vya mnara nitavitaja haraka haraka: mkataba wa ardhi au wa kupanga kwenye mnara uwe na muda mrefu kuliko leseni, kibali cha mamlaka ya anga kwa ajili ya urefu na taa nyekundu, kibali cha mazingira, kibali cha ujenzi cha serikali ya mtaa, ripoti ya udongo kama mnara ni mpya. Pia maelezo ya mionzi kwa watu wanaokaa karibu, kikomo cha kimataifa kwa umma kwenye bendi ya FM ni kama volti 28 kwa mita, mhandisi ataonyesha uzio ukae umbali gani. Anza na kibali kinachochelewa kuliko vyote, na karibu kila mahali hicho ni cha anga au cha mazingira.

HATUA YA 5: Vipindi

Wiki ina saa 168. Andika hiyo namba juu ya karatasi kabla hujaahidi kitu chochote.

Mwombaji anaandika "asilimia 60 ya matangazo yetu itakuwa mazungumzo, elimu na habari za eneo letu", inasomeka vizuri, makofi. Asilimia 60 ya 168 ni saa 101 kwa wiki. Halafu unafungua orodha ya wafanyakazi unakuta watangazaji watatu na mwandishi wa habari mmoja. Saa 101 za kuongea kwa watu wanne, nani analala? Afadhali uombe saa 18 kwa siku badala ya 24, au useme wazi usiku ni muziki na marudio, kuliko kuahidi redio ambayo huna watu wa kuiendesha. Ahadi ya vipindi siyo maneno ya kupamba, nchi nyingi inahamishiwa kwenye leseni kama ilivyo inageuka sharti.

Ratiba ya wiki nzima iwe saa kwa saa, na kila kipindi mstari mmoja: ni cha nani, lugha gani, moja kwa moja au kimerekodiwa, kinatengenezwa na nani. Sera ya uhariri usikopi ya kituo kikubwa, nimewahi kukuta sera yenye jina la kituo kingine ukurasa wa nne. Andika kurasa mbili zako: habari inathibitishwaje, anayelalamika anampigia nani na anajibiwa baada ya siku ngapi, kipindi cha uchaguzi wagombea wanagawanaje muda, watoto wanalindwaje.

Mbili ndogo zinazohusiana na hapa. Muziki una leseni yake kutoka kwa vyama vya hakimiliki, leseni ya utangazaji haikupi haki ya kupiga nyimbo za watu. Na kila kinachoenda hewani utatakiwa kukirekodi na kukitunza kwa muda, Uingereza redio ni siku 42. Ukirekodi kwa kilobiti 128 kwa sekunde ni kama GB 1.4 kwa siku, siku 42 ni kama GB 58, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kwamba diski ni ghali.

HATUA YA 6: Pesa

Mamlaka haikuulizi utatajirika lini. Inachotaka kujua ni kama mapato yasipokuja utaendelea kuwa hewani, kwa sababu masafa yaliyokaa kimya ni masafa aliyonyimwa mtu mwingine. Kwa hiyo onyesha gharama za kujenga, gharama za kuendesha miezi 12 ya kwanza kana kwamba hakuna tangazo hata moja la biashara litakaloingia, na pesa hiyo ipo wapi. Taarifa ya benki, barua ya mkopo iliyosainiwa, mkataba wa mfadhili. Barua ya mjomba kwamba "niko tayari kusaidia" haihesabiki, hata kama mjomba ni tajiri kweli.

Umeme watu wanaupunja. Transmita inayotoa wati 1000 inaweza kuvuta kama 1500 kutoka ukutani, hiyo ni yuniti 36 kwa siku, yuniti 1080 kwa mwezi, kabla hujawasha kiyoyozi wala studio. Jenereta na mafuta yake, betri za kuhifadhi umeme, fundi wa kupanda mnara, bima ya radi, kodi ya mnara, ada zile tatu, hakimiliki, intaneti, mishahara na makato yake. Mapato andika ya chini, na eleza kwa matangazo mangapi kwa saa. Ukizidisha ukakuta unahitaji dakika 25 za matangazo ya biashara kila saa ili usife, hapo shida siyo hesabu, shida ni kituo.

HATUA YA 7: Zigombanishe karatasi mwenyewe kabla hawajazigombanisha wao

Tenga siku nzima. Chapisha kila kitu, kaa na fundi, mhasibu na mtu wa vipindi meza moja, na mtu wa nne ambaye hajaandika chochote. Huyo wa nne ndo muhimu, awe mbishi.

Kazi yake ni kuchukua namba moja na kuifuata kwenye faili zima. Wati za kwenye fomu ya fundi, je ndo wati za kwenye nukuu ya bei ya muuza mitambo? Ndo zilizohesabiwa kwenye umeme? Urefu wa antena, je ni uleule kwenye kibali cha anga, kwenye mkataba wa mnara na kwenye ramani, na umepimwa kutoka ardhini au kutoka usawa wa bahari? Idadi ya wafanyakazi, ni ileile kwenye ratiba, kwenye mishahara na kwenye ramani ya ofisi, maana nimeona watu kumi na wanne kwenye chumba chenye viti vitano. Watu wa eneo la usikivu, umewahesabu kwenye ramani ya kweli au umechukua mkoa mzima? Jina la kampuni limeandikwa vilevile kila mahali, nukta kwa nukta? Hisa zinajumlika kufika 100? Jina la kituo ni moja au ukurasa wa mbele ni hili na kwenye mkataba ni lile la zamani mlilobadilisha?

Kila mgongano aliouona rekebisha pale kwenye chanzo chake, usirekebishe kwenye kopi moja tu ukasahau nyingine, maana hivyo ndivyo migongano inavyozaliwa tangu mwanzo.

HATUA YA 8: Peleka, halafu jiandae kusemwa

Usisubiri siku ya mwisho. Mfumo wa onlaini siku ya mwisho unaelemewa, faili lako la ramani ni kubwa linakataa kupanda, muda unaisha. Peleka siku tano kabla, hifadhi risiti ya malipo na ile namba ya kupokelewa.

Baada ya hapo mamlaka nyingi zinatangaza majina ya waombaji na kuwapa watu muda wa kuweka pingamizi. Usishtuke. Anayepinga mara nyingi ni kituo kilichopo kinachosema soko limejaa, au jirani wa mnara anayeogopa mionzi. Wa kwanza mjibu kwa ratiba yako, onyesha unachotangaza ambacho yeye hakitangazi. Wa pili mtembelee nyumbani na zile hesabu za uzio, nenda wewe na mhandisi, usimtume mwanasheria.

Ukiitwa kwenye usaili, aende anayemiliki na anayeijua mitambo. Watawauliza vitu ambavyo viko kwenye faili, makusudi, waone kama mliliandika wenyewe. Mwenye kituo anayegeuka kumwangalia mshauri kila swali amejimaliza mwenyewe. Na kama kuna jibu hulijui sema utaliwasilisha kwa maandishi tarehe fulani, halafu liwasilishe tarehe hiyo.

Wakikuandikia kutaka maelezo zaidi, jibu walichouliza tu, kwa mpangilio wa namba zao. Watu hapa wanaanza kuongeza mambo mapya, ghafla kituo kimekuwa na antena nyingine, tunaanza upya.

HATUA YA 9: Barua imetoka

Barua ya kwanza mara nyingi siyo leseni, ni ya kukubaliwa kwa masharti, na ina saa inayohesabu: lipa ndani ya siku kadhaa, anza kurusha ndani ya miezi kadhaa, la sivyo masafa yanarudi. Sasa ndo unanunua transmita. Nunua yenye cheti cha aina, yaani cha kuonyesha aina hiyo ya mashine imeidhinishwa, kinachokubalika nchini mwako, na iwe ya masafa yako siyo ya jirani, na uombe kibali cha kuiingiza kabla haijapakiwa.

Ukimaliza kufunga omba majaribio. Kipindi cha majaribio unarusha muziki na kutaja jina la kituo, hupigi matangazo ya biashara, na wakaguzi wanakuja na vifaa vyao kupima masafa, nguvu, na kama unamwaga mawimbi pembeni kwa majirani. Siku hiyo usiongeze sauti ili usikike mzito kuliko wenzako, kile kipimo cha upana wa mawimbi kwenye FM kina mwisho wake wa kilohezi 75 kila upande na wao watakiona kwenye skrini ndani ya sekunde kumi.

Simu za malalamiko wiki ya kwanza ziandike zote kwenye daftari, nani, wapi, redio gani, saa ngapi, hasa anayesema umemwingilia kwenye kituo kingine. Na nakala kamili ya faili ulilowasilisha, na viambatanisho vyake vyote, iweke studio, siyo nyumbani kwa mshauri, kwa sababu mkaguzi akija mwaka wa pili atakuja na nakala yake mkononi akiwa ameshapiga mstari chini ya zile saa 101.